Jiwe la Redioni

Mtaani walimwita Mnajimu, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Mnajimu ni mtu wa kupiga bao na kuwasomea wachumba nyota zao. Yeye alikuwa mtaalamu wa anga, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye baridi ghorofani chuoni, macho kwenye kompyuta, akipima nukta. Darubini yenyewe ilikuwa mbali, juu mlimani, nayo ilituma picha za anga kila kulipokucha. Katika picha hizo nyota zimetulia mahali pake, ila mara moja moja huonekana nukta hafifu inayohama kutoka picha hadi picha. Hiyo ni asteroidi, jiwe linalolizunguka jua kama dunia inavyolizunguka. Kazi yake ilikuwa kukokotoa njia za mawe yanayokatiza jirani na dunia, na kusema kama kuna lolote la kuogopwa.

Nyumbani kazi hiyo haikumpa heshima yoyote. Aliishi na mumewe, fundi wa majokofu, na mama mkwe wake, mjane mcheshi mwenye ulimi mkali na nyonga mbovu. Mgeni akiuliza mke wa mwanao anafanya kazi gani, mama mkwe hujibu bila kutabasamu, "Anatazama juu." Mgeni hucheka. Mnajimu naye hucheka, huku moyoni akiumia.

Ndipo likatokea jiwe lenye ukubwa wa jengo la ghorofa kadhaa. Hesabu za mwanzo zilionyesha kwamba miaka sita mbele lingepita karibu sana na dunia, na kulikuwa na uwezekano mdogo wa kuigonga. Wiki iliyofuata uwezekano huo ukaongezeka. Ukaongezeka tena.

Yeye na mwenzake wa ofisini, bwana mmoja mpole waliyemwita Desimali kwa jinsi alivyopenda usahihi, hawakushtuka. Mwanzoni njia ya jiwe haijulikani vizuri. Kinachojulikana ni ukanda mpana, na dunia imo ndani yake kama punje moja uwanjani. Kila unapopima tena, ukanda unajibana. Kama dunia bado imo ndani, basi inachukua sehemu kubwa zaidi ya kile kilichobaki, na uwezekano unapanda. Halafu siku moja ukanda unajibana zaidi, dunia inabaki nje, na uwezekano unaanguka hadi sifuri. Karibu mara zote mambo huishia hivyo.

Redio ilipopiga simu kumtafuta mkuu wa kitengo, mkuu alikuwa safarini. Mnajimu akajitolea kwenda.

"Waeleze ile ya kupanda kabla ya kushuka," Desimali alimwambia mlangoni. "Hiyo ndiyo itawatuliza watu."

"Si ndiyo ninayoiendea?" alijibu.

Na kweli aliiendea hiyo. Lakini studioni mtangazaji alimsikiliza nusunusu, mkono mmoja ukipekua karatasi za mgeni anayefuata. Kisha akauliza kama kwa kutimiza wajibu, "Kwa hiyo, mtaalamu, unaweza kutuhakikishia kwamba halitatugonga?"

Jibu alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Akaona jinsi litakavyopokelewa: ahaa, asante sana, na sasa matangazo. Akamfikiria mama mkwe sebuleni, sikio kwenye redio. Akashusha sauti.

"Hapana," alisema. "Siwezi kuwahakikishia hilo."

Mtangazaji aliziacha karatasi zake. Chumba kizima kilimgeukia, hata fundi mitambo nyuma ya kioo, na dakika zilizobaki zikawa zake peke yake. Hakusema uongo hata neno moja. Ile ya kupanda na kushuka hakuigusa.

Jioni aliporudi, mama mkwe alikuwa amekaa na majirani wawili. Akajikongoja kutoka kwenye kiti chake chenye mto na kumwambia, "Kaa hapa, mwanangu. Umechoka." Tangu aolewe hakuwahi kuitwa mwanangu. Akakaa, kichwa kikamvimba. Siku zile wauza duka walimsalimia kwa adabu, mumewe akaulizwa habari zake na wateja, na mama mkwe hakuacha kusema, "Mkwe wangu hasemi ovyo."

Kisha Desimali akapata picha ya zamani ya darubini nyingine, iliyopigwa miaka mingi kabla jiwe halijatambuliwa. Kama jiwe lingekuwa kwenye njia ya kutugonga, lingepaswa kuonekana kwenye pembe moja ya picha ile. Walitazama pamoja, kwa zamu, kisha pamoja tena. Pembeni pale hapakuwa na kitu. Nukta ilikuwa kando, mahali pengine kabisa, na kwa njia hiyo jiwe lingepita mbali kuliko mwezi. Sifuri.

"Afadhali," Mnajimu alisema. "Siku ile redioni muda ulinibana, nikashindwa kueleza."

Desimali hakuinua macho. "Nilisikiliza," alisema taratibu. "Muda ulikuwepo."

Mnajimu akajifanya anatafuta kalamu.

Nyumbani alitangaza habari wakiwa mezani. Mumewe akashusha pumzi. Mama mkwe yeye aliweka kijiko chini.

"Halitakuja kabisa?"

"Halitakuja, Mama."

"Basi nimefanya haraka," mama mkwe alisema. "Ule upasuaji wa nyonga, niliwaambia hospitali zamu yangu wampe mwingine."

Mnajimu alisukuma sahani kando. Zamu ile mama mkwe aliisubiri tangu mwaka uliopita, akipanda vidaraja vya mlangoni kwa kushika ukuta. "Kwa nini, Mama? Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Wewe." Alisema bila lawama, kama mtu anayejibu ni saa ngapi. "Nipasuliwe, nijifunze kutembea upya kama mtoto, niwe mzigo humu ndani, yote hayo kwa miaka sita? Nikaona bora nikae tu na nyinyi."

Mumewe akaingilia upesi. "Mama, hesabu hubadilika. Si kosa lake."

"Nani kasema kosa? Alisema alichokijua siku ile. Atakayemsema vibaya mtaani atanikuta mimi."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na waliomfungulia ni watu wake mwenyewe. Angetikisa kichwa tu, mambo yangekwisha. Lakini kutetewa kule kulimuuma kuliko kutukanwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilijua zaidi, Mama," alisema. "Siku ile ile nilijua kwamba namba hupanda hivyo, halafu karibu kila mara huanguka. Niliambiwa niseme hivyo. Sikusema."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Niliona wananisikiliza."

Mama mkwe hakufoka. Aliegemeza viganja mezani, akainuka kwa shida, na Mnajimu aliponyoosha mkono amsaidie, alikwepa mkono ule kwa upole na kwenda chumbani kwake akishika ukuta.

Asubuhi Mnajimu alipiga simu hospitali. Mhudumu alimwambia kwa sauti ya kuchoka kwamba nafasi imeshachukuliwa, mama aanze tena mwisho wa foleni. Alipiga redio, akaomba dakika chache za kusahihisha maneno yake. Mtangazaji alimshukuru, akasema habari ile imeshapoa. Kwa hiyo aliwaeleza majirani mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Wengine walicheka, wengine wakamwambia yeye kweli ni mnajimu, na safari hii hakubisha, akaenda mlango unaofuata.

Zamu ya mama mkwe ilikuja mwaka uliofuata. Mnajimu alichukua likizo, akamuuguza, akamwogesha, akamshika kiuno walipozunguka uani hatua kwa hatua. Walizungumza mengi, hata kutaniana, ila lile neno mwanangu halikurudi.

Siku moja, mama mkwe akiwa tayari anatembea kwa fimbo, redio ilitaja jiwe jingine. Akaizima.

"Hili nalo likoje?" aliuliza. "Nataka kama mlivyoambiana ofisini. Ya redioni nimeshaisikia."

Mnajimu alisogea karibu. Akavuta kigoda, akaeleza tangu mwanzo: ukanda, punje, kupanda, kushuka, wanachokijua na wasichokijua. Yalikuwa maelezo marefu yasiyo na msisimko wowote. Katikati mama mkwe alipiga miayo, kisha akasinzia, na mkwewe akaendelea kueleza kwa sauti ya chini mpaka akafika mwisho.