Nyumba ya Nyapara

Tusizunguke: Mkasi alikuwa na wivu, na aliyekuwa akimwonea wivu ni mdogo wake wa tumbo moja. Wengine hali hiyo huiita uchungu, wengine huiita kukosewa, ili isikike vizuri mbele za watu. Mkasi mwenyewe aliiita presha. Tangu mdogo wake atangaze kwamba ananunua nyumba ya nyapara, presha ilimpanda kila asubuhi kabla hata hajanawa uso.

Mji ule ulijengwa na kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa mji haukujua uende wapi, ukabaki palepale. Mabohari yalifungwa minyororo. Kota za wafanyakazi, safu nane za vyumba viwili viwili, zilijaa watu waliokosa pa kwenda na wengine walioona uvivu tu kuondoka. Siku hizi walikuwa wakija watu wa mbali kununua nyumba, kwa kuwa bei ilikuwa ya kutupa. Walisifia hewa safi. Hewa ilikuwa safi kwa sababu hapakuwa na kazi, lakini nani angewaharibia furaha yao?

Mkasi alifuma kiwandani miaka kumi na tisa. Jina hilo alilipata humo, kwa ajili ya mkasi mdogo wa kukatia nyuzi aliouning'iniza shingoni. Wasiomjua walidhani ni kwa sababu ya ulimi wake, na hawakuwa wamekosea sana. Sasa alishona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele cha kota yake, akalala katika chumba cha nyuma, na ng'ambo ya barabara, mchana kutwa, aliitazama nyumba ya nyapara: veranda ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, madirisha sita, mlango wenye kitasa cha shaba.

Mapazia ya nyumba hiyo aliyashona yeye, mara tatu. Alikijua kila chumba kwa inchi. Kila alipokwenda kupima alijigawia vyumba kimoyomoyo: hapa ningelala, hapa ningeweka cherehani, hapa angelala mgeni, asizidishe siku mbili. Pesa hakuwa nazo, wala matumaini ya pesa. Lakini mtu akikaa kwenye nyumba kichwani mwake miaka mingi kiasi hicho, huanza kuwaona wanaokaa ndani yake kweli kuwa ni wapangaji wake.

Na sasa mpangaji mpya angekuwa mdogo wake. Huyo aliondoka na miaka kumi na minne kwenda shule ya bweni, akasoma, akawa mkunga, akazunguka hospitali za watu, kisha akahamishiwa hospitali ya hapahapa. Mwezi haukuisha kila mtu alikuwa akimwita Mkunga kwa sauti ya upendo. Mkasi alikuwa ameishi mjini pale miaka hamsini na miwili. Juzi, dukani, mwanamke mmoja alimwonyesha mwenzake na kusema, "Huyu ni dada yake Mkunga." Mkasi aliacha sukari juu ya kaunta akarudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi Mkunga alimpitia.

"Nisindikize, dada. Karatasi zote zimekamilika, zimebaki sahihi tu. Nataka na wewe uiangalie."

"Mimi nimeshaiangalia," Mkasi alisema, lakini alivaa gauni lake la kutokea.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Nyapara, maana marehemu mumewe alikuwa nyapara wa ukumbi wa kufumia. Kabla ya kuolewa alikuwa mfumaji, mashine yake ikitazamana na ya Mkasi. Kisha nyapara akamposa, naye akahama kutoka kwenye mashine kwenda verandani, na hata hilo Mkasi hakuwa amelisamehe lote. Sasa miguu ilikuwa imechoka na alikuwa anahamia kwa mwanawe. Nyumba alikuwa tayari kuiuza, ila kwa sharti moja. Nyumba ya jirani ilinunuliwa na bwana mmoja aliyeikatakata vyumba kumi na kimoja, wapangaji wakagombania bomba moja, na ukuta wa kati ulipobomolewa Mama Nyapara aliusikia ukianguka akiwa jikoni. Yake aliapa haitakatwa. Atakayeinunua ataishi ndani yake, basi.

Aliwapokea sebuleni. Alikuwa amefuta vumbi kila mahali, na kabati la vyombo, lililosimama karibu na dirisha kubwa, vioo vyake viling'aa. Mkunga alitoa futi kamba, akaomba ruhusa, akawapa mgongo na kuanza kupima dirisha.

"Inchi sabini na mbili," Mkasi alisema moyoni, na mdogo wake akasema kwa sauti, "Sabini na mbili," kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu.

Hapo presha ikapanda mpaka masikioni. Ingekuwa pesa tu angevumilia. Ingekuwa elimu angevumilia, alikuwa amezoea. Lakini inchi sabini na mbili zilikuwa zake.

Sasa lazima jambo moja lieleweke. Ukumbi wa kufumia ulikuwa na mashine mia mbili, na kelele zake zilimeza sauti ya mtu hata akikupigia ukelele sikioni. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo, bila sauti, wakisomana kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule. Namna hiyo waliiita kusema kavu. Kwa kavu waliambiana uzi umekatika wapi, nani anakuja, nani ana mimba. Kiwanda kilikufa, kavu haikufa. Wafumaji wa zamani waliitumia misibani na kwenye mikutano, mbele ya wageni, na wageni hawakuambulia kitu.

Mkasi alimgeukia Mama Nyapara, akatembeza midomo.

"Usimuuzie. Atakata vyumba."

Mama Nyapara aliacha kunyoosha kitambaa cha meza. "Nani kakwambia?" akauliza, kavu vilevile.

"Ni mdogo wangu, namjua. Hatakaa hapa. Ataweka wapangaji, yeye arudi zake alikotoka."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Alilisema bila kupepesa, na kwa kitambo kifupi alijisikia vizuri, hilo tusimnyime. Mkunga alipima upana, akaandika kwenye kijitabu, akapima tena dirisha lilelile ambalo alikuwa ameshalipima. Kisha akaviringisha futi kamba polepole na kugeuka.

"Mwanangu," Mama Nyapara alisema kwa sauti, na sauti ilikuwa imebadilika, "nimefikiria. Naona nyumba hii nisiiuze kwanza."

"Kwa nini, mama?"

Mama Nyapara aliangalia sakafu. Mkunga hakumsumbua. Alimtazama dada yake usoni, akafungua midomo, na bila sauti yoyote, taratibu, silabi kwa silabi, akasema: "Dada. Sema kwa sauti."

Mkasi akatupa jicho kwenye kabati, akauona uso wake mwenyewe kwenye kioo, mdomo na yote, wazi kabisa.

Mtoto huyu hakuwahi kukanyaga kiwandani. Hilo ndilo Mkasi alilolitegemea, na ndilo lililomponza. Alikuwa amesahau zile jioni alizorudi kutoka kazini na miaka yake kumi na saba, masikio yamekufa kwa kelele, hasikii lolote hadi giza liingie. Mdogo wake, wa miaka saba, alikuwa akimngoja mlangoni na habari za shule, na hakutaka kungoja masikio yafunguke. Basi Mkasi alimkalisha mbele yake akamfundisha midomo, neno kwa neno, mpaka wakawa wanacheka bila sauti kwenye ngazi ya kota, majirani wakiwashangaa.

"Kumbe na wewe unaijua," Mama Nyapara alimwambia Mkunga.

"Aliyenifundisha ni huyu."

Mama Nyapara akamgeukia Mkasi, na huyu mama wa miguu mibovu alikuwa na macho makali.

"Mkasi, mimi nimekuamini kwa sababu miaka yote ile hukuwahi kunidanganya kwa kavu. Ulikuwa ukiniambia uzi umekatika, nilikuwa nasimamisha mashine hata kabla sijatazama. Sasa sema kwa mdomo wenye sauti. Atakata vyumba?"

Njia ya kutokea ilikuwepo. Angeweza kusema alikuwa anatania, na kucheka, na Mama Nyapara angejifanya kuamini. Angeweza pia kukaza shingo. Neno lake lilikuwa na uzito katika nyumba ile kuliko la mgeni, na nyumba isingeuzwa leo, wala kesho. Mdogo wake alisimama na futi kamba mkononi, hakujitetea. Hilo lilimuudhi Mkasi kuliko kitu chochote.

"Hatakata," alisema. "Nimetunga."

"Kwa nini?"

"Naitaka mimi."

"Una pesa ya kuinunua?"

"Sina."

"Sasa wewe ulikuwa unataka nini?"

Mkasi alimtazama mdogo wake. "Nilitaka na yeye aikose," akasema. "Mengine yote amepata. Nilitaka akose hiki kimoja."

Hakulia, wala hakuomba msamaha. Neno lilikuwa limetoka lilivyo, na sebuleni hakuna aliyejua aliweke wapi. Mkunga alivuta kiti akakaa. Macho yalikuwa yamemwiva, lakini sauti ilikuwa ya wodini, ya mtu aliyezoea kufanya kazi huku watu wanapiga kelele.

"Mama, mimi nitaishi humu. Nimelala nyumba za hospitali miaka ishirini, nimezichoka. Ukitaka niandike hivyo, naandika."

"Usiandike. Nimekuona," Mama Nyapara alisema. "Lete hizo karatasi."

Zikatandazwa mezani. Mama Nyapara alisaini. Mkunga akasaini. Chini kulikuwa na mistari miwili ya mashahidi, mmoja wa kila upande. Wa muuzaji ulikuwa umeshajazwa na mwanawe. Mkunga alisukuma karatasi mbele ya dada yake, akaweka kalamu juu yake.

"Mimi?" Mkasi aliuliza. "Baada ya hayo yote?"

"Wanataka ndugu. Baba hayupo, mama hayupo. Nimlete nani?" Akaisogeza kalamu karibu naye. "Nimekasirika, dada. Nitakasirika siku nyingi, usidhani imepita. Lakini saini."

Mkasi alichukua kalamu. Wivu ulikuwa bado upo palepale kifuani, haukusogea hata inchi moja. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, umeachwa na mtu aliyedhani mashahidi hawana majina marefu. Aliutazama, akatazama kuta, dari, dirisha, na akaelewa kwamba katika nyumba ile nzima, hapa ndipo mahali pekee jina lake lingeandikwa. Akainama. Akaliandika lake, akaandika la baba, akaandika na la babu, kwa herufi kubwa, bila kufupisha hata moja, mpaka mstari ukaisha na jina likaendelea pembezoni mwa karatasi.

Mkunga alimsubiri amalize.