Kichwa cha Samaki cha Pavia

Pavia alilisukuma bakuli. "Sitaki kichwa, binti yangu. Nipe mnofu."

Nivi aliduwaa, kijiko mkononi. Aliyeitwa binti ndiye mama mtu; Pavia mwenyewe alikuwa msichana wa miaka sita, pengo mbele. Lakini alizaliwa wiki ileile aliyozikwa babu yake, akapewa jina lake, na kwao Grinlandi jina likirithiwa, hata na msichana, basi mwenyewe amerudi. Ndiyo maana Nivi alimwita mwanawe Baba, na msiba ule hakuulilia hata siku moja. Angemlilia nani, wakati Baba huyo hapo, ananyonya macho ya samaki tangu aote meno, vilevile kama marehemu?

Leo hataki. Kama Baba ameondoka, ameondoka lini? Na huyu aliyebaki ni nani? Nivi aliogopa, akaona haya kuogopa.

"Mama, njoo umwone mumeo. Amekataa kichwa."

Mama yake, Bendte, alikuwa amechutama kando ya shimo walilotoboa kwenye barafu ya ziwa, akipasua samaki. Hakuinuka. "Mume wangu muache aringe. Njoo uone hapa."

Nivi aliliacha jiko lao pale barafuni, akasogea. Tumbo la samaki mdogo lilijaa vidudu vya maji. Alipopasua la mkubwa, walitoka vitoto vitatu vya samaki wa aina yake mwenyewe, vimemezwa vizima.

"Huyu naye alianza na vidudu," alisema Bendte. "Kakua, mdomo umepanuka, sasa anakula wadogo zake. Utasema si yeye?"

"Samaki sawa. Lakini Baba kafa anapenda vichwa, karudi anavipenda, halafu anaacha? Mimi sielewi."

"Nani kakwambia alivipenda?" Bendte alifuta kisu kwenye theluji. "Alivyonioa alikuwa hagusi kichwa, kinamtia kichefuchefu. Ulipoota meno wewe, na samaki ni mmoja chunguni, ndipo akaanza kudai kwamba kichwa ndicho kitamu. Ukamwamini. Na huyu naye umemlisha mwenyewe vichwa tangu hajajua kukataa."

Nivi alirudi kwenye jiko, akamwekea Pavia mnofu wote, akajivutia kichwa. Jicho lilimteleza ulimini, akataka kulitema. Akalimeza.

"Kitamu?" aliuliza Pavia.

"Kitamu sana, Baba," alisema, na kilio cha miaka sita kikamtoka.