Deki ya Machage

Verdiana alifika nyumbani kwa Machage, pale Nyangoto, jioni jua likiwa bado halijazama, magoti yamejaa tope, akakuta sebule imejaa watu wanaangalia tamthilia iliyorekodiwa juzi. Mwanawe Joram alikuwa amenasa ndani ya duara la Machage, shimo la dhahabu kule kilimani, na maji yalikuwa yanapanda. Pampu ya kuyavuta ilikuwepo. Jenereta ndiyo haikuwepo. Ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba hii, ikiwasha runinga na deki ya video.

"Shikamoo, mama," alisema Machage bila kugeuka.

"Marahaba, baba."

"Kaa kwanza."

Alikaa. Mtu mwenye adabu haongei katikati ya tamthilia. Shida husemwa wakati wa matangazo. Verdiana alilelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yaliyomponza, maana deki ya Machage, aliyoinunua Sirari, ilikuwa inaruka matangazo yenyewe. Tangazo la sabuni lilichungulia kwenye kioo, Verdiana akafungua mdomo, mkanda ukaruka, na yeye akaruka nao. Mkononi alikuwa na kikombe kitupu, na ulimi umeungua kwa chai asiyokumbuka kuinywa.

Alisubiri tena, ikawa vilevile. Mwishowe akaitupa adabu, akasimama mbele ya runinga.

"Machage, mwanangu anakufa maji. Naomba jene..."

Alijikuta amekaa palepale, nje giza, watu wanalamba mchuzi vidoleni.

"Usihangaike, mama," alisema Esta, mke wa Machage, kwa upole. "Deki imeshazoea. Mtu akianza kuomba kitu humu ndani, inamruka. Hata mimi niliacha kuomba chumvi."

"Inatupunguzia kelele," alisema Machage.

Verdiana alizunguka nyuma ya nyumba aizime jenereta mwenyewe. Alinyoosha mkono kwenye swichi, akashika udongo. Ulikuwa mchana, nyumbani kwake, kando ya migomba, na jeneza la Joram lilikuwa limeshashushwa. Ng'ambo ya bonde antena ya Machage ilionekana vizuri, na jenereta ilisikika ikinguruma. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kilio ambacho yeye mwenyewe hakukisikia, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Walimtoa lini?" alimuuliza jirani yake, Agness.

"Alhamisi, tamthilia ilipoisha. Jenereta ikarudishwa kilimani, maji yakavutwa upesi tu. Alikuwa ameshikilia ngazi, karibu kabisa na juu."

Mchungaji aliuliza kama mama mfiwa ana neno. Alikuwa nalo. Alimtazama Machage usoni, mbele ya watu wote, akavuta pumzi.

Watu walikuwa wananawa mikono kwa ajili ya chakula.

"Mazishi yamekwenda haraka," alisema Machage, akimpa pole. "Tumshukuru Mungu."

Esta alimletea sahani. Verdiana alikuwa hajala kwa siku asizozijua, akala.