Mashina Arobaini ya Sura Mbaya

Shemeji alinipa mpaka Jumamosi. Mashina yangu arobaini ya mabilinganya yawe yameng'olewa kabla mkaguzi wa kilimo hai hajafika, la sivyo nisahau vitanda vyangu vitatu vya mboga karibu na kisima. Alisema hayo mbele ya wanakikundi wote wa shamba letu, kwa ile sauti yake ya uenyekiti, kana kwamba mimi na yeye hatujawahi kula sahani moja.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Mume wangu ni mtu wa amani, yaani likizuka neno zito yeye hukumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa. Kwa hiyo nilijua nimebaki peke yangu, na wala sikujisikitikia.

Yale mabilinganya ni mbegu ya mama mkwe wangu, aliyefariki mwaka juzi. Ni ya mviringo, ya kijani yenye michirizi myeupe, na vikonyo vyake vina miiba isiyojali umevaa nini mkononi. Shemeji ndiye aliyeyaita Sura Mbaya, zamani, na jina likanata. Lakini mama alikuwa na jicho kali. Hakuchukua mbegu kwenye shina lililozaa sana. Alisubiri ugonjwa upite shambani, akatafuta shina lililosimama wakati majirani zake wamekufa, akalifunga kitambaa chekundu. Ukiona kitambaa, huchumi. Matunda yanaachwa mpaka yageuke njano na ngozi ikunjamane, ndipo mbegu zinatolewa. Alifanya hivyo miaka thelathini, na alipougua alinikabidhi kopo la mbegu mimi, si wanawe.

Msimu huu panya waliangusha lile kopo, wakala mbegu zote zilizobaki baada ya mimi kupanda. Kwa hiyo mbegu ya mama ilikuwa kwenye yale mashina arobaini na si kwingine popote, na matunda ya mashina niliyoyafunga kitambaa yalikuwa bado mabichi. Kuyang'oa kulikuwa ni kumzika mama mara ya pili.

Shemeji alikuwa na chaguo lake. Alileta kitabu cha picha kutoka duka la pembejeo, akachagua bilinganya kama mtu anayechagua mchumba kwa picha: refu, jeusi, linalong'aa. Kusema haki, mbegu zenyewe hazikupakwa dawa, kanuni alizifuata. Ila hakuuliza kama litastahimili joto letu na unyevu wetu, wala kama litaweza udongo ulioua nyanya zetu misimu miwili mfululizo. Wanakikundi wakapiga makofi, mimi nikapanda yangu.

Wiki ya saba yale marefu yakaanza kulegea mchana na kuamka jioni. Shemeji akasema ni kiu. Akaamuru maji yafunguliwe asubuhi na jioni, yashuke kwa mtaro kutoka kitanda cha juu mpaka cha chini. Nikamwambia huo si ukavu, ni mnyauko wa bakteria. Unakaa ardhini na unasafiri na maji, na yeye anaugawa kitanda kwa kitanda. Akaniuliza nimekuwa daktari tangu lini. Baada ya siku nane majani yalining'inia yakiwa bado ya kijani, na hayakuamka tena. Hapo ndipo akatangaza kwamba ugonjwa umeletwa na Sura Mbaya, maana mbegu za kizamani hazikosi uchafu. Uchafu, mbegu ya mama yake mzazi. Nilikasirika.

Ijumaa asubuhi tulikutana kwenye stoo ya kikundi, katikati ya madebe ya mboji na harufu ya mwarobaini uliotwangwa. Nilikwenda na glasi zangu mbili, chupa ya maji ya kunywa na kisu. Kipimo hicho mkaguzi alitufundisha mwaka jana, shemeji akiwa nje anaongea na simu. Unakata shina karibu na mzizi, unatumbukiza ncha yake kwenye maji masafi, unalishika lisitikisike. Kama lina mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache uzi mweupe utashuka ndani ya maji.

Nilileta shina moja kutoka kitanda chake. La kwangu nikamwambia aende akakate mwenyewe, popote, ila si lenye kitambaa. Akaenda akachagua lile lililo ukingoni kabisa mwa mtaro wake. Si mjinga, shemeji.

"Likitoa uzi hili langu, nang'oa yote leo na vitanda mtachukua," nikasema. "Lisipotoa, asiguse mtu."

Jambo moja sikuwaambia. Ya kwangu sikuwa nimeyapima hata siku moja. Niliogopa. Nilikaa pale nimekaza uso.

Katibu wetu, tunayemwita Kalamu, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa glasi. Kwenye shina la shemeji uzi ulianza kushuka, mwembamba, kisha wa pili, kisha nyingi pamoja. Kwenye langu, hakuna. Shemeji akasema tusiwe na haraka. Tukasubiri mpaka glasi ya kwanza ikawa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Maji ya ile ya pili yalikuwa safi vile vile nilivyoyamimina.

Hakuna aliyecheka, na hata mimi sikutaka kucheka. Kalamu akafungua daftari la mkaguzi, akauliza msimu ujao aandike aina gani. Shemeji akakohoa, akasema aandike Bilinganya la Kikundi.

"Andika Sura Mbaya," nikasema. "Na uandike wewe, shemeji, kwa mkono wako. Jina ulilitoa wewe. Mama yako alikusikia ukilisema, akaendelea kufunga vitambaa vyake."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alivuta daftari, akaandika taratibu. Alipomaliza hakurudisha kalamu. Akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwomba: mbegu ya mama. Kisha akabaki ameinamia ukurasa, na sisi tukajifanya tunaangalia glasi.

Hasira yangu haikuisha, nisidanganye, ila ilipungua makali. Nikamwaga maji mbali na vitanda, nikakifuta kisu, nikachukua jembe. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, mkaguzi anakuja, na kulikuwa na mabilinganya mengi ya kung'oa na kuchoma. Hayakuwa yangu.