Mama Ambaye Hakucheza

Juisi ya rozela nimekunywa mpaka naiota. Hapa Newala maji ya kuoga tunayagombania, lakini rozela, ile ya kuongeza damu, mimi nililetewa kwa ndoo, maana majirani walishaamua: Hamida haamki kitandani, basi Hamida hana damu. Damu ninayo. Nilipimwa.

Nilichokosa ni nguvu ya kuinuka, na mwanangu Sharifu alikuwa jandoni, anakaribia kutoka. Kwetu mtoto akitoka jandoni, mama yake humpokea kwa kucheza ngoma mbele ya watu wote. Baba yake yuko Tandahimba kwa mke mwingine. Mtoto asiponikuta mimi, atamkuta nani? Nilitaka kucheza siku ile kuliko kitu chochote.

Dada yangu Stamili akanipeleka kwa daktari Masasi.

"Hii ni sonona, Mama Sharifu," daktari akasema. "Ubongo unatumia nguvu nyingi. Seli zake hugeuza chakula kuwa nguvu, na watafiti wanaona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kazi hiyo inazorota. Mahindi yapo, mashine ya kusaga inasuasua. Hatujajua yote bado. Ila uvivu siyo."

Akanipa dawa, akasema zitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake.

Njiani nililia kwa furaha, kumbe naumwa, si mvivu. Nikawaeleza majirani, wakaitikia kwa adabu, kesho yake wakaniletea glukosi!

Jando halikungoja dawa. Asubuhi ya kutoka ngoma zilianza, Stamili akaja na kanga mpya.

"Simama basi, mdogo wangu. Leo tu."

Utadhani nilikuwa naringa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, kanga mapajani, nikabaki hapo hapo. Vigelegele vilipopanda nikajua Stamili anacheza mahali pangu. Nilimwonea wivu dada yangu mwenyewe, wivu wa kuuma.

Mchana Sharifu akaingia, nguo mpya, poda shingoni, amerefuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umenikasirikia?"

Maneno ya daktari nilikuwa nayo yote kichwani. Nilitaka kumwambia kwamba naumwa, kwamba nampenda, kwamba nilivisikia vile vigelegele nikatamani viwe vyangu.

"Hapana," nikasema.

Akasimama akingoja nimalizie. Kisha akaurudishia mlango taratibu, kwa adabu ya mgeni, akaenda zake kwa mama mkubwa.