Mtu Mmoja Asiye na Jina

Tangu saa nne asubuhi tovuti ya wilaya ilikuwa ikisema: "Wasiojulikana walipo: 1." Sasa ilikuwa saa nane, na Vasemaca, aliyeitengeneza tovuti hiyo, alikuwa hatulii kitini. Siku mbili baada ya tufani kuupiga mji wa pwani wa Savusavu, watu sitini na watatu walioandikishwa kupotea walikuwa wakipatikana kidogo kidogo. Sasa amebaki mmoja. Lakini nani? Alitafuta jina kwenye orodha, hakuliona.

Redio ikakoroma. Mjomba wake Sakiusa alikuwa baharini na mashua ya uokoaji.

"Mpwa, huyo mtu wako hana jina? Nimechoka kuita 'Ee bwana wee' kama muuza samaki!"

"Subiri kidogo, mjomba."

"Mawimbi hayasubiri, mama."

Karani wa ofisi ya wilaya, Bwana Naidu, akamtazama. "Asubuhi uligusa nini?"

Aligusa. Mtandao ulikuwa dhaifu, basi badala ya kuyaleta majina yote na kuyahesabu, aliiamuru hifadhidata, lile ghala la majina kwenye kompyuta, ihesabu yenyewe. Akaifungua programu, akaisoma. Akaliona kosa. Hifadhidata ilihesabu sawasawa, ikaleta jibu la mstari mmoja wenye tarakimu ndani. Yeye, badala ya kusoma ile tarakimu, aliiambia programu ihesabu mistari ya jibu. Hata wangepotea watu mia, mstari ungekuwa mmoja tu.

Akaisoma tarakimu yenyewe. Sifuri.

Hakuiamini. "Bwana Naidu, nisomee karatasi za taarifa kutoka vijijini. Zote, na saa kila mmoja alipoonekana."

Majina sitini na matatu yakasomwa. Wote walikuwa hai. Akaishika redio.

"Mjomba, rudini. Hakuna mtu. Kosa ni langu."

Redio ikakoroma tena: "Saa nne nzima namsaka hewa! Utanipikia mihogo mpaka nikusamehe."

Naidu akacheka. Vasemaca alikuwa bado kwenye karatasi, kidole kikitembea juu ya zile saa. Saa nne asubuhi, tovuti iliposema mmoja, walikuwa bado hawajaonekana watu wanne. Na saa hiyohiyo mashua mbili za uokoaji zilirudishwa bandarini, eti amebaki mmoja tu. Wale wanne walitoka mikokoni saa saba, hoi, kwa miguu yao wenyewe.

"Si wamepona?" Naidu akasema. "Yaache, dada."

"Siwezi."

Akavuta daftari la taarifa, akaandika makosa yote mawili, msako wa bure na mashua zilizorudishwa mapema, na chini yake jina lake.