Vidirisha vya Hewa vya Hema la Edgar

Mama Ndeshi alikuwa akikunja vitambaa kwenye kibanda chake cha ushonaji, Karatu mjini, Moloimet wa gereji ya jirani alipoingia kunywa chai. Kabla hajaketi akaona nyavu mbili mpya kando ya cherehani.

"Mama Edgar, hizi si nyavu za hema? Mbona zimebaki?"

"Za akiba hizo, kaniletea Edgar. Hema nimelimaliza, Edgar kalibeba asubuhi likiwa limekunjwa."

Lilikuwa hema la juu ya gari, lile linalofunguliwa kwenye keria, watu wakapanda kwa ngazi kulala. Edgar, mwanawe, alitaka kulikodisha kwa watalii, lakini kwenye baridi ya Ngorongoro pumzi za waliolala ziligeuka maji na kuwadondokea usoni. Ndipo akampigia mama yake simu: "Nifungie vidirisha vya hewa kule juu." Leo alikuwa amepanda huko na mkewe, Jackline, kwenda kulijaribu.

"Na vidirisha umefunga?"

"Vile vya zamani nimevishona kabisa. Hata sisimizi hapenyi."

Moloimet akaweka kikombe chini. "Mama, alitaka uweke vipya. Kama mimi ninavyofunga taa kwenye gari. Utoboe turubai, ushonee nyavu hizi, hewa ipite."

Ndeshi akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Asubuhi alimwona Jackline akipakia jiko dogo la gesi. "La kupashia hema moto, mama, nisije nikaganda," alisema. Nao wangefunga zipu zote wakiamini hewa ina pa kupita.

Akapiga simu ya Edgar. Haipatikani. Ya Jackline pia. Jua lilikuwa limeshainama, na geti la hifadhi halingojei mtu.

"Tulia, mama," Moloimet alisema, naye mwenyewe hakutulia. Alikimbilia barabarani akamsimamisha Lekishon, dereva aliyekuwa akipeleka mboga kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta, akamweleza.

"Shikamoo mama. Kambi naijua, nitaanzia huko," Lekishon alisema. "Mboga zitanisubiri."

Ndeshi akamtilia mkasi mkononi. "Mwambie apasue. Asiionee huruma kazi yangu, baba. Apasue!"

Gari likaondoka. Ndeshi akajaribu kushona sketi ya mtu, akashona pindo kwenye mfuko, akafumua. Giza lilipoingia akaona ukungu akilini mwake, na ndani ya ukungu lile hema lake, limejifunga vizuri kama yai. Moloimet hakurudi gereji. Alikaa pale mlangoni, akiongeza tu mkaa kwenye jiko la chai.

Simu ikaita. Namba ya Lekishon, sauti ya Edgar.

"Mama, Jackline yupo."

"Yupo vipi?"

"Alikuwa ametangulia kulala, kawasha jiko. Mimi nilikuwa chini napika. Lekishon kaja anapiga kelele, tumepasua hema, tumemshusha. Kichwa kinamuuma, katapika, ila anaongea. Tunamleta hospitali sasa hivi."

"Mpe simu."

Upepo ukavuma ndani ya simu, halafu sauti ndogo, nzito: "Mama, mishono yako... mkasi umekataa. Wametumia panga."

Ndeshi akaketi sakafuni palepale, khanga mdomoni. Moloimet alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta gari, wakawapokee hospitalini.